Deni la Zamani na Sifa ya Kupata Mkopo wa Asilimia 10

Je, kikundi kilichowahi kukwama kurejesha mkopo wa Halmashauri kinaweza kuomba tena? Na mwanakikundi mwenye madeni yake binafsi huwaharibia wenzake? Maswali haya yanawagusa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu wa Kata ya Mkunya, na majibu yake yanaanzia katika sheria yenyewe.

Kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290, kinaitaka kila halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Fedha hizo ni za mzunguko. Marejesho ya kikundi kimoja ndiyo mkopo wa kikundi kinachofuata, hivyo anayeacha kulipa humnyima jirani yake.

Mwezi Aprili 2023 Serikali ilisitisha mikopo hiyo kutokana na kasoro zilizobainika, zikiwamo vikundi hewa na fedha nyingi kutorejeshwa. Iliporejeshwa mwaka 2024, uhakiki wa waombaji uliimarishwa. Halmashauri 10 zilichaguliwa kujaribu utoaji wa mikopo kupitia benki, Halmashauri ya Mji wa Newala ikiwa mojawapo.

Katika uhakiki, jambo la kwanza ni deni la kikundi chenyewe. Kikundi ambacho hakijamaliza mkopo wa awali hakitarajii kupewa mwingine. Kubadili jina la kikundi hakufuti deni, kwa kuwa wanakikundi hudhaminiana na majina yao hubaki katika mkataba.

Jambo la pili ni madeni binafsi. Kwa Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2012, benki hupeleka taarifa za wakopaji wao katika kanzidata ya pamoja, na huziangalia kabla ya kukopesha. Hata mkopo mdogo wa simu uliotolewa na benki unaweza kuonekana humo. Mwananchi anayo haki ya kuomba taarifa zake na kudai zirekebishwe iwapo zina makosa.

Lipo pia deni lisiloandikwa popote, nalo ni kangomba. Mkulima aliyekwisha kuuza korosho zake zikiwa bado mtini, kwa bei ya kutupa, hufika msimu wa minada akiwa hana cha kupeleka ghalani. Kikundi kinachotegemea mavuno yake kulipa rejesho kitakwama pamoja naye. Taarifa hii hakuna benki inayoijua. Wanaoijua ni wanakikundi, na ni wajibu wao kuulizana kabla ya kusaini mkataba.

Hata hivyo, shida iliyopita si hukumu ya maisha. Ubwiriunga ulioharibu maua ya mikorosho, ugonjwa katika familia au msiba ni mambo yanayoelezeka, na deni lililochelewa kisha likalipwa lote huonyesha nia njema. Kinachoharibu sifa zaidi ni kuficha: deni linalogunduliwa na mhakiki huzua mashaka juu ya maelezo mengine yote ya kikundi.

Kikundi chenye deni kinashauriwa kufika mapema kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata, kikiwa na mkataba na stakabadhi zote za malipo, ili kiasi kilichobaki kihakikiwe na mpango wa kulipa uandikwe. Wakati mzuri ni miezi ya malipo ya korosho, fedha zikiwa mkononi. Baada ya kumaliza, kikundi kiombe uthibitisho wa maandishi na kuutunza pamoja na katiba yake.

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Katika mfuko huu wa mzunguko, dawa hiyo humponya aliyelipa na kikundi kinachosubiri zamu yake.