Paka Mwenye Kisukari Ndani ya Ramadhani

Ramadhani hubadilisha saa za chakula nyumbani, lakini paka mwenye kisukari hafungi. Kwa kawaida hudungwa sindano ya insulini mara mbili kwa siku, pamoja na chakula. Kama ni saa 1 asubuhi na saa 1 usiku, ibaki hivyo; usiisogeze kufuata futari na daku. Akikataa kula, usimdunge kabla ya kumuuliza daktari wa mifugo. Akilegea, akiyumba au akitetemeka, huenda sukari imeshuka: mpake asali kwenye ufizi, kisha mpeleke haraka. Kumdunga hakubatilishi saumu yako.

Mtume (Swalla Allaahu ‘alayhi wa sallam) ametueleza habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia bila chakula. Mnyama tunayemfuga ni amana.

Wa Allaahu A‘lam.