Kutafuta Chanzo Kabla ya Kutengeneza: Somo Kutokana na Injini Inayomisi

Mojawapo ya makusudi ya Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa mwaka 1967, lilikuwa kumjenga mwanafunzi mwenye akili ya kudadisi. Akili hiyo haijengwi kwa maneno matupu. Hujengwa kwa kazi inayomlazimu mtoto kuuliza "kwa nini?" kabla ya kuuliza "nifanyeje?" Makala haya yanatumia kazi moja inayojulikana katika kila gereji, yaani kuitengeneza injini ya petroli inayokosa moto, au kama wasemavyo mafundi, inayomisi.

Kazi ya plagi na nyaya

Injini ya kawaida ya gari hufanya kazi kwa mapigo manne: kuvuta mchanganyiko wa hewa na petroli, kuugandamiza, kuuwasha, na kutoa moshi. Plagi huhusika na kuwasha. Koili hupandisha umeme wa betri, wenye volti 12, ukafikia volti 10,000 na zaidi. Katika magari ya zamani distribyuta huugawa umeme huo kwa zamu kupitia nyaya za plagi. Katika injini nyingi za silinda nne zamu hiyo ni 1, 3, 4, 2. Umeme ukifika kwenye ncha ya plagi huruka mwanya mdogo, mara nyingi wa milimita 0.6 hadi 1.1, na kutoa cheche. Magari mengi ya siku hizi yana koili juu ya kila plagi na hayana nyaya hizo, lakini kanuni ni ile ile.

Dalili si chanzo

Silinda moja ikikosa moto, injini hutetemeka, gari hupungukiwa nguvu mlimani, na petroli huliwa zaidi. Hizo ni dalili. Chanzo chaweza kuwa plagi, waya, koili, petroli isiyofika, au silinda isiyogandamiza vema. Fundi asiye na subira hununua plagi na nyaya zote mpya na kuzifunga kwa pamoja. Kama kosa lilikuwa kwenye koili, fedha ya mwenye gari imepotea na injini bado inamisi. Na hata injini ikipona, fundi huyo hajui ni kifaa kipi kilichokuwa kibovu. Kupona kwa injini si ushahidi kwamba fundi ameelewa.

Hatua za fundi mwangalifu

1. Kuangalia. Huzima injini na kuiacha ipoe. Hutazama kama kuna waya uliopasuka, kuungua au kulegea.

2. Kung'oa. Hupuliza uchafu kuzunguka plagi ili usiangukie ndani ya silinda. Hushika kichwa cha mpira, wala havuti waya wenyewe. Hung'oa waya mmoja mmoja na kuutia alama, kwa sababu nyaya zikipishana injini itamisi kwa sababu mpya.

3. Kusoma plagi. Ncha ya rangi ya kahawia hafifu au kijivu ni ya silinda yenye afya. Masizi makavu meusi mara nyingi huonyesha petroli iliyozidi. Oili nyeusi huonyesha oili inayopenya ndani ya silinda. Ncha nyeupe yenye malengelenge huonyesha joto lililozidi. Plagi iliyolowa petroli huonyesha kuwa mchanganyiko haukuwaka.

4. Kujaribu. Tuseme silinda ya 2 ndiyo inayoshukiwa. Fundi hubadilishana plagi yake na ile ya silinda ya 3. Kumisi kukihamia silinda ya 3, plagi ndiyo mbovu. Kukibaki katika silinda ya 2, hujaribu waya mzima mahali pa ule wa zamani. Kukiendelea bado, huchunguza koili, petroli na mgandamizo. Hubadilisha kitu kimoja tu kila mara.

5. Kufunga. Hupima mwanya wa plagi mpya kama kitabu cha gari kinavyoagiza, huanza kuikaza kwa mkono ili isikate meno ya silinda hedi, kisha humalizia kwa spana bila kupita kiasi.

Plagi zilizotumika kwa muda mmoja hubadilishwa zote pamoja zikichakaa. Huo ni utunzaji wa kawaida, nao haushiki nafasi ya uchunguzi.

Jinsi ya kulifundisha

John Dewey, katika kitabu chake cha mwaka 1910 kuhusu namna tunavyofikiri, alieleza kwamba fikira huanza na tatizo, ambalo hubainishwa, hukisiwa ufumbuzi, na hatimaye dhana hupimwa kwa majaribio. Fundi wetu amefuata njia hiyo.

Darasani injini haihitajiki. Mwalimu aombe plagi chakavu katika gereji, azifute, na kuzigawa kwa vikundi. Kila kikundi kichore safu tatu: tulichoona, tunachodhani, tutakavyojaribu. Mwalimu asitoe jibu kabla ya safu ya tatu kujazwa. Wanafunzi wakitembelea gereji, wasiguse nyaya wakati injini inawaka. Umeme wake ni wa hatari.

Mwalimu naye ni fundi

Mtoto anaandika 52 − 27 = 35. Mwalimu asiye na subira humwita mzito, au hurudia somo zima la kutoa tangu mwanzo. Huko ni kubadilisha plagi zote. Mwalimu mwangalifu humpa maswali mawili: 58 − 27 na 40 − 16. Mtoto akipata 31 katika la kwanza na 36 katika la pili, chanzo kimejulikana: anatoa tarakimu ndogo kutoka kubwa bila kujali ipi iko juu, kwa kuwa hajaelewa kukopa. Sasa mwalimu anafundisha jambo moja, kwa vijiti na mafungu ya kumi, na mtoto anaokolewa na jina baya ambalo angelibeba miaka mingi.

Maswali ya kujadili

(a) Kwa nini fundi asibadilishe plagi na waya kwa wakati mmoja anapotafuta chanzo?

(b) Chukua daftari moja la hesabu lenye makosa. Tunga maswali mawili yatakayobainisha chanzo cha kosa moja.