Msusi wa Mwanza akivuka mpaka, atalipwa kwa kichwa au kwa mwezi?

Jumamosi mchana, Kirumba, saluni za kike zimejaa na birika la maji limeshachemka. Maji hayo ni ya kuchovyea ncha za rasta. Msusi anazikusanya mkononi, anazitumbukiza, anazikamua kwa taulo, na kazi ya saa tano au sita inaishia hapo. Mteja analipa, mwenye saluni anachukua fungu lake, msusi anabaki na lake. Wasusi wengi wa hapa mjini hawajui mshahara. Wanagawana na bosi nusu kwa nusu kila kichwa, au wanakodi kiti na kujitafutia wateja. Wiki ya Krismasi au ya Idi mtu anashuka kitini usiku wa manane akiwa na fedha ya maana. Januari, wazazi wakihangaikia ada, anaweza kukaa hadi jioni bila kushika kitana.

Kwa hiyo akija dada mmoja kutoka Muscat au Dubai na kusema kule wanalipa kila mwezi, maneno hayo mawili ya mwisho ndiyo yanayomkaa msusi kichwani. Simlaumu. Ila naomba kabla ya kuuliza ni kiasi gani, aulize kwanza kibali chake kitaandikwa kazi gani.

Nianze na Omani, maana ndiko njia ilikozoeleka zaidi. Msusi wa kutoka kwetu akifika kule ana faida ambayo Mfilipino au Mhindi hana: Muscat imejaa familia zenye asili ya Zanzibar, wengi wao waliohamia baada ya Mapinduzi ya 1964, na Kiswahili bado kinazungumzwa majumbani mwao. Bibi harusi anayetaka hina na nywele anaweza kuagiza kwa lugha ya bibi yake. Saluni za wanawake kule zinahudumiwa na wanawake, hivyo mikono ya kike inatafutwa.

Hatari iko kwenye karatasi. Wasichana wengi wanaondoka kwa viza ya kazi za nyumbani huku wameahidiwa saluni kwa mdomo. Sheria ya kazi ya Omani ya mwaka 2023 imeweka saa 8 za kazi kwa siku, lakini wafanyakazi wa majumbani hawamo katika sheria hiyo. Tena ni kosa kumfanyia kazi asiye mdhamini wako. Maana yake, msusi mwenye viza ya nyumbani akikutwa saluni, yeye ndiye mkosaji. Anaweza kurudishwa Tanzania mikono mitupu, na aliyemuahidi asiguswe. Tangu Januari 2021 Omani imeondoa sharti la kupata ridhaa ya mwajiri wa zamani kabla ya kuhamia kwa mwingine, lakini nafuu hiyo humfaa aliyemaliza mkataba au kuuvunja kwa utaratibu.

Kisha kuna deni la safari. Tuseme msusi hapa anasuka vichwa viwili kwa siku, siku 24 za mwezi, na kila kichwa kinamwachia shilingi 12,500. Hizo ni 600,000. Ameahidiwa 900,000 nje, na dalali anataka 1,500,000. Tofauti ya mshahara ni 300,000, kwa hiyo miezi mitano ya kwanza anafanya kazi ya kumlipa dalali, kabla hajanunua hata vocha ya kupigia nyumbani. Kama chakula na malazi havimo kwenye mkataba, hesabu inaharibika kabisa. Falme za Kiarabu zimekataza kisheria mfanyakazi kutozwa gharama za kuajiriwa. Anayemdai msusi fedha kwa ajili ya kazi ya Dubai aulizwe kwa nini. TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira, yupo kwa maswali kama hayo.

Uingereza sitaiongelea sana. Tangu Julai 2025 viza ya mfanyakazi mwenye ujuzi inataka kazi ya ngazi ya shahada, na ususi haumo. Marekani ni habari nyingine: leseni ya urembo katika majimbo mengi inadai saa 1,000 au zaidi za darasani, lakini kwa kusuka tu, bila dawa wala mkasi, majimbo mengi yameondoa sharti hilo. Texas ilifanya hivyo mwaka 2015. Kwa hiyo aliyefika kule kihalali anaweza kuanza na kitu anachokijua tangu utotoni.

Na jirani zetu? Kutoka Mwanza hadi Sirari, mpakani na Kenya, ni safari ya basi ya siku moja, na Kisumu si mbali baada ya hapo. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, inayowafungulia raia wa nchi wanachama kazi na biashara kwa majirani, ina nguvu tangu Julai 2010. Lakini Julai 2025 Tanzania ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kuendesha biashara za aina 15, na saluni ni mojawapo, isipokuwa zilizo hotelini au za kuhudumia watalii. Faini ni kuanzia shilingi milioni 10, au kifungo kisichozidi miezi sita. Raia anayemsaidia mgeni anaweza kutozwa milioni 5. Kenya ililalamika waziwazi. Wasusi wetu wengi waliifurahia amri hiyo, nami naelewa, ushindani ni mkali. Lakini binti wa Igoma anayetaka kufungua saluni Kisumu anaijua sasa hoja atakayojibiwa nayo.

Kwa wanaoondoka kwa vyovyote vile, jambo moja linafanyika hapahapa. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi: fundi aliyejifunzia mtaani anapimwa kwa vitendo na kupewa cheti bila kukaa darasani miaka. Msusi mwenye miaka kumi ya vichwa, asiye na hata karatasi moja, aulize chuo cha VETA kilicho karibu naye. Mkataba utakapokuja atafute safu ya kazi na asome kilichoandikwa pale. Kama si ususi, asitie saini.