Ng'ambo ya Kagera: mwanafunzi anapovuka mpaka kwa mara ya kwanza

Basi la shule linapokaribia Rusumo likitokea Kahama, wanafunzi wengi huwa wamepitiwa na usingizi. Likishavuka daraja la Mto Kagera, wote huwa macho. Gari limehamia kulia mwa barabara, lori linalokuja mbele linapita upande wasiouzoea, na wapo wanaopiga kelele wakidhani dereva amepotea. Hapo mwalimu hueleza kwamba Rwanda magari hupita kulia. Saa nayo imerudi nyuma: ikiwa saa sita mchana Ngara, Kigali ni saa tano.

Kwa mwanafunzi wa Kitanzania, safari ya kwanza ya nje mara nyingi huwa ya basi, na nchi anayokwenda huwa jirani. Asijione amepunjwa. Anayesafiri kwa barabara anauona mpaka wenyewe, na mpaka wa Rusumo una mengi ya kumfundisha kabla hajafika anakokwenda.

Tangu mwaka 2016 pana kituo cha huduma za pamoja. Anayeingia Rwanda husimama mara moja tu, ng'ambo ya mto, ambako maofisa wa uhamiaji wa nchi zote mbili wamekaa katika jengo moja. Mwanafunzi anagongewa muhuri wa kutoka, anasogea hatua chache, anagongewa wa kuingia. Wengi huufungua ukurasa ule tena na tena wakiwa kwenye foleni.

Darajani hapohapo, mwishoni mwa Aprili 1994, ndani ya takriban saa 24 walivuka Wanyarwanda wapatao 250,000 wakikimbilia Tanzania. Kambi iliyowapokea ilikuwa Benaco, njia panda ambayo basi la shule limeipita muda mfupi uliopita, na ambayo mwanafunzi ameiona kama kituo cha malori na chai tu. Mwalimu makini huisimulia habari hii kabla ya safari, ili darasa lipite Benaco likijua linapita wapi.

Maandalizi hayo yanahitajika zaidi Kigali, kwenye Kumbukumbu ya Gisozi, iliyofunguliwa mwaka 2004 na ambako wamezikwa zaidi ya watu 250,000 waliouawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Chumba kinachowagusa zaidi wanafunzi ni cha watoto. Kuna picha kubwa ya mtoto, na chini yake maandishi machache: jina, umri, chakula alichokipenda, mchezo alioupenda, na jinsi alivyouawa. Kijana wa miaka 16 anayesoma maelezo ya mtoto aliyelingana na mdogo wake hapaswi kuharakishwa aende kupiga picha mjini. Shule ziache nafasi jioni ile, wanafunzi wakae na walimu wao, wazungumze.

Mengine huja yenyewe. Bodaboda anamkabidhi abiria kofia ngumu kabla hajapanda, na abiria ni mmoja tu. Nyamirambo, eneo la jiji la Kigali, wanafunzi wanasikia Kiswahili kikizungumzwa mtaani, maana jiji lina wakazi waliokirithi toka kwa wazazi na mababu zao. Mwaka 2017 Rwanda ilikifanya lugha rasmi.

Wengine huvuka mpaka kwa miguu yao na mapafu yao. Michezo ya shule za sekondari za Afrika Mashariki, FEASSSA, ilifanyika Huye, kusini mwa Rwanda, mwaka 2023, kisha Mbale, Uganda, mwaka 2024. Mchezaji aliyeng'ara UMISSETA, michezo ya shule za sekondari za Tanzania, anakutana huko na vijana wa Kenya na Uganda ambao shule zao zimezoea mashindano haya. Akifungwa mabao manne, amejua kiwango kinachotakiwa.

Linaloumiza ni wale wanaobaki. Tangu mwaka 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanavuka mipaka yao kwa kitambulisho cha taifa, utaratibu ambao Tanzania haikujiunga nao. Mwanafunzi wetu anahitaji pasipoti au hati ya dharura ya kusafiria, na zote mbili huanzia kwenye cheti cha kuzaliwa. Mtoto wa mjini ambaye mzazi wake alikishughulikia cheti mapema RITA, wakala wa usajili wa vizazi, anaondoka. Mwenzake aliyezaliwa kijijini, mwenye alama nzuri kuliko wote, anaambiwa karatasi hazijakamilika. Chanjo ya homa ya manjano nayo ina masharti: sindano moja inatosha maisha yote, ila cheti chake huanza kutumika siku 10 baada ya kuchomwa. Shule inayopanga kuondoka Agosti ikianza kukusanya vyeti Februari, na mwalimu wa darasa akampeleka mwenyewe ofisi ya wilaya yule asiyenacho, basi litakuwa na viti vichache vitupu.