Sindano Moja, Chupa Ngapi?

Jamaa akishikwa na malaria kali huko Garsen, simu huja mjini: tuma pesa za sindano. Kabla ya kutuma, yafaa ujue sindano hulipiwa vipi, kwani utaratibu ulibadilika Oktoba 1, 2024, NHIF ilipoipisha Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA).

Katika zahanati na vituo vya afya vya serikali, mgonjwa asiyelazwa hugharimiwa na mfuko wa afya ya msingi. Haulizwi michango, anatakiwa tu awe amejiandikisha.

Akilazwa, tuseme katika hospitali ya Hola, mfuko ni mwingine, nao hudai michango iwe imelipwa. Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Mkulima na mfugaji hupimiwa uwezo wao, lakini hawalipi chini ya Sh300 kwa mwezi. Mfuko huo huilipa hospitali kiasi maalumu kwa kila siku ya kulazwa, na dawa zimo ndani yake.

Shida huanza dawa inapokosekana hospitalini na mgonjwa akaandikiwa kununua nje. Hapo pesa hutoka mfukoni mwake.

Dawa ya malaria kali ni artesunati, na kipimo hufuata uzito. Mtu mzima wa kilo 60 huhitaji miligramu 144 kila anapodungwa, yaani chupa 3 za miligramu 60. Mtoto wa kilo 10 huhitaji miligramu 30, nusu chupa tu. Lakini dawa ikishachanganywa haikai zaidi ya saa moja, hivyo nusu iliyobaki humwagwa. Ndiyo maana anayenunua hulipia chupa nzima, na bili za wagonjwa wawili hazifanani.

Sindano ya pili hufuata baada ya saa 12, na ya tatu saa 24 tangu ya kwanza. Kisha mgonjwa humeza vidonge kwa siku 3. Wengine, wakipata nafuu mapema, huacha ili kuokoa pesa. Hiyo ni hatari: vimelea vilivyosalia huzaana upya, na malaria kali huua.

Kwa hivyo, msomaji, simu ikija uliza mambo matatu: Je, mgonjwa amejiandikisha na michango imelipwa? Dawa ipo hospitalini? Kama haipo, zahitajika chupa ngapi hadi mwisho wa matibabu? Tuma za kutosha zote, si za sindano ya kwanza pekee.