Ukurasa Ufanyao Hesabu

Wilayani Kyela, kaskazini mwa Ziwa Nyasa, kakao huuzwa kwa mnada kupitia stakabadhi ghalani. Bei ikishatangazwa, mkulima wa Ipinda au Matema hutaka kujua jambo moja: kilo zake zitampatia shilingi ngapi baada ya makato? Chama cha ushirika chaweza kuweka ukurasa wa tovuti umfanyie hesabu hiyo katika simu yake. Kazi hiyo yahitaji skripti.

Kurasa za kwanza za tovuti, zilizobuniwa na Tim Berners-Lee huko Geneva, zilikuwa maandishi na viungo tu. Mwaka 1995 Brendan Eich wa kampuni ya Netscape alitunga lugha ya JavaScript kwa muda wa siku 10 hivi. Kwa lugha hiyo, maagizo ya hesabu hutiwa ndani ya ukurasa na kutekelezwa na kivinjari chenyewe, katika simu au kompyuta ya msomaji. Mkulima akishaupata ukurasa, aweza kubadili idadi ya kilo atakavyo bila kungoja jibu jipya kutoka mbali.

Maagizo hayo huwekwa kati ya alama mbili zenye neno «script», ama huandikwa katika faili la pekee ambalo alama hiyo hulitaja. Mahali pa kuyaweka pana uzito. Kivinjari husoma ukurasa kutoka juu kwenda chini. Kikikuta faili la skripti, husimama mpaka lifike na kutekelezwa. Ni kama basi litokalo Mbeya kwenda Kyela lisimame Tukuyu kumngoja abiria mmoja aliye bado nyumbani. Penye mtandao hafifu, mkulima hutazama kioo kitupu. Tena, skripti iliyotangulia yaweza kutafuta kisanduku cha kilo ambacho bado hakijasomwa, na hesabu ikashindikana.

Dawa ni kuiweka skripti mwishoni mwa ukurasa, au kuongeza neno «defer» katika alama yake. Neno hilo huruhusu faili liletwe huku usomaji ukiendelea, lakini litekelezwe ukurasa ukishasomwa wote.

Hata hivyo, faili laweza kukwama njiani. Kwa hiyo bei ya kilo na makato yote yapasa kuandikwa waziwazi katika ukurasa, yasitegemee skripti. Skripti ikishindwa, mkulima atashika kalamu na kupiga hesabu mwenyewe. Ikifaulu, atakuwa na njia ya kuihakiki.