"Give up" na Karama wa Kusadikika

Katika mijadala yetu ya fasihi kuna kauli isiyokosekana: eti Karama, mhusika mkuu wa riwaya ya Kusadikika, hakufanya "give up". Sawa, lakini hakufanya nini hasa?

"Give" ni kutoa, "up" ni juu. Ukiyaunganisha, hupati "kutoa juu". Hilo lisitushangaze. Hata sisi tunasema "kukata tamaa" wala hatushiki kisu. Maneno mawili yakioana huzaa maana ambayo kila moja peke yake halina.

Tatizo liko kwingine. Mvuvi wa Pangani akiamua kutovuta sigara tena, ameziacha. Akirudi pwani mitupu siku baada ya siku na kuona bahari haina tena riziki, amekata tamaa. Akimpisha mzee kwenye daladala mjini Tanga, amemwachia kiti. Akizingirwa na maadui, ananyoosha mikono, yaani anasalimu amri. Kwa Mwingereza, yote manne ni "give up". Kiswahili kinakulazimisha kuchagua, tena hata kitenzi kimoja kinageuka mwishoni kila maana inapogeuka: acha, achia, achana, achilia.

Sasa tumtazame Karama. Shaaban Robert (1909–1962), mzaliwa wa Vibambani, Tanga, aliitoa riwaya hii mwaka 1951. Humo Karama anashtakiwa na Majivuno kwa sababu anataka watu wafundishwe sheria. Hatoroki wala hapigani. Anasimama mbele ya baraza na kujitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande mbalimbali kuitafutia nchi manufaa, kisha wakarudi na kutupwa gerezani. Kwa maneno mengine, nafsi yake ameliachia baraza, lakini tamaa hajaikata. Mambo hayo mawili yanakwenda pamoja, na ndipo ilipo nguvu ya riwaya.

Wanaomlaumu Karama kuwa ni mnyonge mno wanatazama kule kuachia. Wanaomsifu kuwa shujaa wanatazama kule kutokata tamaa. "Give up" inawafunika wote kwa shuka moja, nao wanabishana usiku kucha bila kujua kwamba hawazungumzii jambo moja.

Basi, ndugu mhakiki, kabla hujamhukumu Karama, chagua kwanza kitenzi.